Kinywa cha Mhusika: Sauti na Sura katika Mazungumzo Mafupi ya Filamu za Katuni

Mazungumzo ya sekunde 5 katika filamu ya katuni hula kazi ya siku nyingi. Sekunde moja ya sinema ina picha 24, na ingawa wahuishaji wengi huchora 12 tu, kila moja ikionyeshwa mara mbili, sekunde 5 bado zadai michoro 60 ya kila mhusika anayetikisika. Kwa sababu hiyo desturi ya kazi hii ni kutoanza mchoro wowote wa mwendo kabla mhusika hajakamilika katika fikira na katika karatasi: umbo lake kutoka mbele, ubavuni na nyuma, kimo chake kando ya wenziwe, mikono yake, uso wake wa furaha na wa ghadhabu, na jedwali la vinywa vyake. Sauti ya mchezaji hurekodiwa, husikilizwa silabi kwa silabi, na kuandikwa katika karatasi ya mpango yenye mstari mmoja kwa kila picha. Ndipo mkono hushika kalamu.

Utaratibu huu umeelezwa mara nyingi na wachoraji, na mara chache mno na watu wa lugha. Wachoraji husema kwamba mhusika lazima ajulikane tabia kabla hajasogezwa, na wana haki. Walakini mhusika wa mazungumzo ana jambo moja zaidi ya tabia: ana lugha. Uso wake ni chombo cha kutamkia sauti za lugha fulani, wala si za lugha zote. Aliyeundwa kwa kusema Kiingereza hawi tayari kusema Kiswahili kwa kubadilishiwa maneno peke yake, kama vile kanzu haiwi suruali kwa kubadilishiwa jina. Makosa ambayo mtazamaji huyahisi bila kuweza kuyataja, anaposema tu kwamba katuni ile “haisemi vizuri”, aghalabu chanzo chake ni hapa.

Mfano bora wa sura iliyozaliwa na usemi ni filamu ya Nick Park iitwayo Creature Comforts, iliyotengenezwa mwaka 1989 na Aardman ya Bristol, Uingereza. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na Peter Lord na David Sproxton, nayo ilikuwa imekwisha kujaribu, tangu mwisho wa miaka ya 1970, kuhuisha mazungumzo ya kweli ya watu wa kawaida badala ya maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya wachezaji. Katika majaribio yale ya awali vikaragosi walikuwa watu: sauti ya mtu ilipewa umbo la mtu. Park alipindua jambo hilo. Alichukua sauti za watu waliohojiwa juu ya makazi yao na juu ya wanyama wanaofungiwa, akazitia katika vinywa vya wanyama wa plastisini waliomo katika bustani ya wanyama. Filamu yenyewe ina dakika 5 tu. Mwaka 1991 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya katuni.

Wengi wameisifu kwa uchekeshaji wake. Sifa hiyo ni ya haki, illa haielezi kwa nini kichekesho kinafaulu. Mnyama anayesema maneno ya binadamu si jambo jipya. Sungura na Fisi wamesema tangu kale. Jipya ni kwamba Park hakuanza na mnyama akamtafutia sauti. Alianza na sauti, na sauti ikamtafuta mnyama wake. Tazama paka mkubwa wa Amerika anayesema Kiingereza chenye lafudhi ya Brazili. Mtu mwenye sauti ile alikuwa mgeni Uingereza, akilalamikia ufinyu wa nafasi, chakula, na baridi ya nchi. Kinachosikika katika usemi wake si manung'uniko tu. Ni usemi wa mtu ambaye lugha aliyonayo haimtoshi, hivyo husukuma kila neno lenye maana mbele kidogo kuliko mwenye lugha angalivyofanya, na kuliacha hewani kabla ya kulifuatishia jingine. Park alisikia mikono katika usemi ule. Akampa mnyama mikono ya kukunjua na kunyoosha, na kila neno zito likaja pamoja na ishara yake. Mikono hiyo isingeweza kuongezwa baadaye na mhuishaji, kwa kuwa mnyama aliyeundwa kusimama kwa miguu minne asingekuwa nayo. Ilikuwa lazima iamuliwe mapema, katika umbo, na iliamuliwa kwa sikio.

Kuna swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza hapa: je, si kumdhihaki mgeni kumfanya mnyama? Lingekuwa dhihaka kama mnyama angechaguliwa kwa ajili ya kuchekesha lafudhi. Lakini lafudhi katika filamu hii haimpunguzii msemaji akili. Hoja yake juu ya nafasi ndiyo hoja iliyo wazi kupita zote zinazotolewa na wanyama wale, na mtazamaji hutoka akiamini kwamba mnyama ana haki. Wenyeji wanaosema Kiingereza chao bila shida ndio wanaosikika wakizungukazunguka, wakikubali nusu na kukataa nusu. Jambo hili litarejewa, maana katika Kiswahili hatari yenyewe ni kubwa zaidi.

Mfano wa pili ni wa mtengenezaji yuyo huyo, na kwa mwanaisimu ni wa thamani zaidi, maana ndani yake irabu moja iliumba uso mzima. Mwaka 1982, akiwa mwanafunzi katika chuo cha taifa cha filamu cha Uingereza, Park alianza filamu ya A Grand Day Out, iliyomalizika mwaka 1989. Wahusika wake ni Wallace, mwanamume mbunifu apendaye jibini, na Gromit, mbwa wake. Sauti ya Wallace ilitolewa na Peter Sallis, mchezaji mzoefu aliyefariki mwaka 2017. Park ameeleza zaidi ya mara moja kwamba Sallis alipotamka neno la Kiingereza la jibini, aliivuta irabu yake ndefu kwa namna ambayo kinywa kilichokwisha kubuniwa hakikuweza kuifuata. Ikambidi akipanue kinywa cha Wallace kuelekea mashavuni, mpaka kikawa kile kinywa kipana chenye safu ya meno ambacho leo hujulikana duniani kote. Uso wa Wallace, basi, haukutoka katika wazo la mchoraji juu ya “mwanamume mwema asiye na hila”. Ulitoka katika sauti i ndefu, midomo ikiwa imetandazwa, ikafuatwa na konsonanti isiyoifunga midomo. Wapiga picha wa Kiingereza humwomba mtu alitamke neno lilo hilo ili aonekane anatabasamu. Wallace ni mtu aliyepigwa picha hiyo akaachwa nayo.

Sasa na tulitazame neno la Kiswahili. Jibini lina irabu i tatu, na mtu angedhani kwamba lingemfaa Wallace mara tatu zaidi. Sivyo. Katikati yake imo b, na b haitamkiki ila kwa kufunga midomo; nayo imekaa pale pale penye kizingiti cha silabi ya mkazo. Kwa hiyo kinywa hutandazwa kwa ufupi katika ji, hufungwa kabisa, kisha hufumbuka kwa i ya mkazo na kubaki hivyo katika ni. Tabasamu moja refu la Kiingereza limekuwa tabasamu lililokatwa, na nusu ya pili ndiyo nzito. Mwenye Wallace angekuwa Mswahili, yamkini asingesukumwa kupanua kinywa kiasi kile. Pengine angesukumwa kunenepesha midomo, ili kufungwa na kufumbuka kwake kuonekane kutoka mbali. Hilo si bora wala si duni kuliko lile. Ni uso mwingine.

Tofauti hii ya neno moja huzidi kuwa kubwa tukiingia katika jedwali la vinywa. Jedwali linalotumika zaidi na wanafunzi wa kazi hii ni lile linaloitwa kwa jina la Preston Blair, Mmarekani aliyehuisha katika studio za Disney na MGM na ambaye kitabu chake cha mafunzo kilitoka kwanza katika miaka ya 1940. Jedwali lenyewe hukusanya sauti za Kiingereza katika vinywa vipatavyo 10: kimoja cha m, b na p, kimoja cha f na v, kimoja cha l, kimoja cha konsonanti nyingi zinazotamkiwa ndani ya kinywa, na kadhalika. Kwa lugha iliyolizaa ni chombo cha akili, na wengi wamelelewa nalo. Lakini limepangwa kwa herufi, si kwa sauti. Ndani yake A na I hupewa kinywa kimoja, kilicho wazi. Kwa Mwingereza jambo hilo lina maana, kwa sababu herufi I katika maneno yake mengi husomwa ai, na ai huanza kwa kuacha taya. Kwa Mswahili I ni i tu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayelifuata jedwali kwa uaminifu atamchora mhusika wake akisema “mimi” kwa kinywa cha “mama”. Sikio litasikia neno moja na jicho litaona jingine. Mtoto mwenye kusikia atavumilia. Mtoto kiziwi anayejaribu kusoma midomo atakuwa amedanganywa.

Kosa hilo ni rahisi kusahihisha likishaonekana. Irabu za Kiswahili ni tano, hazififii katika silabi isiyo na mkazo kama za Kiingereza zinavyofifia, na kila moja ina umbo lake la midomo: a ya taya iliyoachwa, e na i za midomo iliyotandazwa, o na u za midomo iliyokusanywa. Mhuishaji wa Kiswahili ana bahati ambayo mwenziwe hana, kwamba irabu yoyote anayoisikia yastahili kuchorwa. Yule wa Kiingereza hufundishwa kuruka silabi nyingi, kwa kuwa kweli zimerukwa na msemaji. Fundisho hilo la kuruka likiletwa katika Kiswahili bila kupimwa, hutoa mhusika mvivu wa kinywa, anayeonekana kana kwamba anasema akiwa na usingizi.

Mambo mengine si mepesi hivyo. Chukua silabi kama mwa, bwa na pwa, zilizojaa katika lugha: mwalimu, bwana, pwani. Ndani ya silabi moja midomo hufungwa, huchongoka, kisha hufunguka. Hizo ni sura tatu, na iwapo silabi nzima imepata michoro miwili tu, kama ilivyo kawaida katika usemi wa haraka, moja lazima ife. Anayefuata jedwali huiua w, kwa sababu iko katikati, na mhusika huonekana akisema “mana” badala ya “mwana”. Dawa yake haimo katika jedwali. Yafaa kubuni kinywa kisichokuwamo, cha midomo iliyofungwa na papo hapo kusukumwa mbele, maana ndivyo midomo ya msemaji ifanyavyo hasa: haingoji m iishe ndipo w ianze. Yeyote anayeshuku na asimame mbele ya kioo.

Lililo zito kupita yote ni ile m inayosimama peke yake kama silabi. Katika mtu, mke, mbwa na mbu, mkazo huangukia silabi ya mwisho isipokuwa moja, na silabi hiyo ni m yenyewe. Maana yake ni kwamba mahali pa nguvu kubwa kabisa ya neno, kinywa kimefungwa. Kanuni ya jumla ya wahuishaji husema: penye mkazo, fungua kinywa zaidi. Kanuni hiyo ni njema kwa lugha ambayo mkazo wake hukaa daima juu ya irabu. Katika “Yule si mtu!” la mama mwenye hasira, kinywa kitafunguliwa kwa u ya mwisho isiyo na uzito, na hasira yote itakuwa imepita midomo ikiwa imefumbwa. Kwa hiyo mhuishaji wa Kiswahili yampasa auweke mkazo mahali pengine: katika kidevu kinachoshuka, katika nyusi, katika shingo inayojikaza, katika mtikisiko wa mabega. Lakini haya yote yanategemea mhusika awe na shingo, awe na nyusi, awe na kidevu. Katuni nyingi za siku hizi huchorwa kwa kichwa kikubwa cha mviringo kilichokaa juu ya mwili bila shingo, kwa kuwa ni rahisi na kwapendeza watoto. Mhusika wa namna hiyo, akipewa Kiswahili, amenyang'anywa mahali pa kuwekea mkazo wa maneno yaliyo ya kawaida kabisa. Ndiyo sababu umbo halipaswi kuamuliwa kabla ya maneno.

Katika hili Gromit ni mwalimu asiyetarajiwa. Hapo mwanzo alikusudiwa awe na sauti. Ikaachwa, na kinywa nacho hakikuonekana tena, kwa kuwa Park aligundua katika kazi kwamba paji la uso wake lilitosha kusema lote. Ukingo mmoja wa plastisini juu ya macho, ukisukumwa juu au chini kwa kidole, hubeba shaka, subira, na masikitiko ya kuishi na Wallace. Anayetaka kujua jinsi ya kutia mkazo katika neno “mbwa” midomo ikiwa imefumbwa, na amtazame mbwa huyo.

Mapokeo ya Kiswahili si mageni katika kutanguliza sauti. Bibi anayesimulia hadithi usiku hana karatasi ya sura. Fisi wake huzaliwa pale anapoiangusha sauti kooni, na Sungura pale anapoinyanyua na kuiharakisha. Redio nayo imeifuata njia hiyo hiyo. Mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulimpa msikilizaji Mkwaju, dereva wa lori, ambaye watu walimjua kama jirani bila kuuona uso wake. Kila nyumba ilikuwa na Mkwaju wake. Laiti mchoraji angetumwa kumpa sura moja, asingekuwa na kazi ya kubuni, angekuwa na kazi ya kusikiliza: je, huyu anayechelewesha silabi ya mwisho ni mtu mwenye tumbo, au ni mwembamba anayetaka kuonekana mwenye tumbo?

Mashariki ya Afrika sasa kuna studio zinazofanya kazi hii kwa bidii. Tinga Tinga Tales, iliyohuishwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, iliazima umbo la wanyama wake kutoka katika mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Ilitungwa kwa Kiingereza. Rangi zake ni furaha ya macho. Lakini yafaa kukumbuka kwamba uchoraji ule hupenda kumwonyesha mnyama ubavuni, na ubavuni irabu hazionekani kwa usawa. Midomo ya u huchomoza mbele, ikaonekana vizuri. Midomo ya i hutandaa kuelekea upande wa pili wa uso, ambao mtazamaji haoni. Anayetaka kumtumia mnyama wa mtindo huo kwa mazungumzo ya Kiswahili hana budi kumgeuza robo kila afikapo penye “sisi” na “hivi”, au kumpa shavu linalopanda.

Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, ilitungwa kwa Kiswahili kwanza, kisha ikatafsiriwa katika lugha nyingine. Hapa Kiswahili ndicho chenye haki ya kinywa, na lugha nyingine ndizo zinazofuata. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosemwa. Filamu za watoto zilizofika kwa Kiswahili kwa miaka mingi zilifika kinyume chake: kinywa kimekwisha kuchorwa ng'ambo, na mfasiri akaletewa ajaze sauti. Mfasiri wa namna hiyo hutafsiri maana na kuhesabu muda, lakini ni wachache wanaohesabu midomo. Pale ambapo mhusika amefunga midomo, neno lenye m, b au p litakaa kama lilizaliwa hapo. Pale alipoachama, “hasha” litakaa vizuri kuliko “siyo”. Lugha yenye visawe vingi kama hii haina udhuru wa kukosa neno lenye midomo inayotakiwa. Kazi hii ni ya watu wa kamusi, nao hawajaitwa. Au wameitwa wakadhani wanaitiwa mchezo wa watoto.

Sasa lile swali la mgeni na mnyama. Vichekesho vya jukwaani na vya redioni vimezoea kumpa mhusika mjinga lafudhi ya watu wa mahali fulani: yule anayechanganya r na l, yule anayesema “samani” kwa “thamani”. Katika redio hilo hupita upesi. Katika katuni huchorwa, na kilichochorwa hukaa. Tofauti ya th na s ni tofauti inayoonekana: katika th ncha ya ulimi hutokeza baina ya meno, katika s haitokezi. Kimvita nacho kina t mbili, moja ikitamkiwa menoni na nyingine kwenye ufizi, na ya kwanza huweza kuuonyesha ulimi. Kwa hiyo anayebuni mhusika wa Mombasa na mwenziwe wa bara ana kazi halali ya kuwapa ndimi zinazokwenda tofauti; hiyo ni elimu. Anapompa mmoja wao, pamoja na ulimi wake, meno yaliyopinda na macho makengeza ili tuelewe kwamba ni mjinga, ameacha elimu. Park alimwachia mgeni wake hoja. Kipimo hicho chatosha kwa mtunzi yeyote wa Kiswahili: muulize mhusika mwenye lafudhi amepewa hoja gani.

Ili maneno haya yasiwe ya nadharia tupu, na tupime onyesho moja dogo la kubuni. Mjukuu wa kiume wa miaka 8 ametumwa dukani na bibi yake, naye amechelewa. Bibi amekaa kibarazani. Anauliza, “Umetoka wapi?” Mtoto anajibu, “Dukani, bibi.” Bibi anasema, “Na chenji?” Mtoto anasema, “Imepotea, bibi.” Basi.

Mchoraji mwenye haraka atamchora bibi wa kawaida: mtandio, kiuno kilichopinda, kinywa kisicho na meno. Kinywa kisicho na meno ni uamuzi wa lugha, si wa umri tu. F na v hutamkwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. Bibi asiye na meno ya mbele hana mahali pa kuzitamkia, na mchoro wake wa f utakuwa uongo. Katika mazungumzo haya, kwa bahati, bibi hana f wala v hata moja. Meno yaweza kwenda. Lakini kama onyesho linalofuata litamtaka aseme “Nifuate ndani”, meno na yarudi leo.

“Umetoka wapi?” ina silabi sita. Ikitamkwa kwa sekunde moja, kila silabi ina picha 4, yaani michoro miwili, na ndani yake mna safari ndefu ya midomo: u iliyokusanywa, m iliyofungwa, to ya mviringo yenye mkazo, wa inayoanza kwa kuchongoka na kuishia kwa taya kuachwa, p iliyofungwa tena. Hapa bibi anatikisika, anaishi, ni mtu wa kuhangaika. Kisha linakuja “Na chenji?” Maneno hayo hayana sauti hata moja inayofunga midomo wala inayoikusanya. Yaweza kusemwa kwa meno yaliyokaribiana, taya ikishuka kidogo tu kwa na na nusu yake kwa che. Kila mtu aliyelelewa na bibi anajua kwamba ndivyo yasemwavyo. Lugha yenyewe imemruhusu anyamaze usoni wakati akisema, na utulivu huo baada ya kuhangaika kule ndio kitisho. Kwa hiyo bibi huyu lazima aundwe kwa ajili ya silabi hizo tatu: kope nzito zinazoweza kusimama nusu bila kupepesa, na kichwa chenye shingo, ili mkazo wa che uwe kidevu kinachosogea kidogo mbele, si kinywa.

Mtoto yu kinyume. “Imepotea, bibi” ina m, p, b na b: midomo hufungwa mara nne katika silabi saba, hupapatika kama ya samaki aliyetolewa majini. Asipewe midomo ya mstari mwembamba, maana kufungwa kwake hakutaonekana na papatiko litapotea. Apewe midomo minene, na mashavu. Mashavu yana kazi, kwa sababu neno lake la mwisho ni bibi, na irabu zake mbili ni zile zile zilizompanua Wallace. Atake asitake, pale uongo wake unapoishia, uso wake utakuwa umetandazwa katika umbo la tabasamu. Mhuishaji asiyesikiliza atalifuta tabasamu hilo kwa kudhani ni kosa, kwa kuwa mtoto anaogopa. Anayesikiliza ataliacha likae picha 6 zaidi baada ya sauti kwisha, macho ya mtoto yakiwa mkononi mwa bibi.